Mashine Ilitaifishwa na Nani?

Siku yangu ya kwanza kazini nilikiri wizi wa mbuzi wawili mbele ya ukumbi uliojaa watu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika mahakama moja ya mwanzo wilayani Kasulu. Nilikuwa nimeajiriwa karani, na kwa kuwa nilizaliwa Muyama na Kiha ndiyo lugha niliyonyonya, nilipewa pia kazi ya ukalimani. Mshtakiwa alikuwa baba wa makamo asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Aliposomewa shtaka alieleza kwa Kiha, nami nikageuka kwa hakimu nikasema, "Mheshimiwa, anasema kwamba aliiba mbuzi wawili kwa sababu..."

Hakimu akaweka kalamu chini. Alikuwa mzee wa Pangani, mtu wa kofia ya kufuma na sauti ya taratibu, na Kiswahili chake kilitiririka kama maji ya mtungi.

"Bi Skolastika," akaniambia, "hapa hakuna 'anasema'. Wewe sasa ni ulimi wake. Ulimi hausemi 'anasema'. Yeye akitamka 'niliiba', nawe utamke 'niliiba'. Anza upya."

Nikaanza upya. "Niliiba mbuzi wawili, Mheshimiwa, kwa sababu mwenye mbuzi alinidhulumu shamba."

Mabenchi yote yakacheka. Mama yangu mdogo, ambaye alikuja kuniona nilivyovaa sketi ya kazi, aliniangalia kwa macho makubwa kana kwamba kweli nilikuwa nimeiba. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hakimu hakucheka, akaandika nilivyosema, na hapo ndipo nilipojua uzito wa kazi niliyoiomba. Alichokiandika ni maneno yangu. Yule baba, kwa upande wa serikali, hakuwa amesema lolote ila kile kilichotoka kinywani mwangu.

Ninyi vijana mnaoingia kazini sasa mna vyombo vya kurekodi sauti na kompyuta, kwa hiyo nieleze kidogo mahakama ya mwanzo ilivyokuwa. Mawakili hawakuruhusiwa, mtu alijisemea mwenyewe. Hakimu alikaa na wazee wawili wenyeji tuliowaita washauri wa mahakama, ambao walimsaidia kuamua. Kila kilichosemwa aliandika kwa mkono, na maandishi hayo, yaliyoitwa mwenendo wa shauri, yalifungwa ndani ya jalada. Shauri likienda mbele kwa rufaa, hakimu wa juu hakuwaona tena wale watu wala kusikia sauti zao. Alisoma jalada. Kama mkalimani alikosea, kosa lilisafiri pamoja na jalada likiwa limevaa mhuri.

Kabla ya kila shauri nilikula kiapo kwamba nitatafsiri kwa ukweli na uaminifu kadiri ya ujuzi wangu. Mwezi wa kwanza nilikitamka nikitetemeka. Mwezi wa sita nilikitamka kama mtu anayehesabu viazi.

Kuna kitenzi kimoja nilichokitumia mara nyingi sana siku zile, nacho ni taifisha. Tuliosoma siasa darasani tulikijua kwa ukubwa wake: baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha mabenki, ilitaifisha viwanda, ilitaifisha mashamba makubwa, yaani ilivichukua vikawa mali ya taifa zima. Lakini mahakamani kitenzi hicho kilikuwa kimeshuka daraja. Mtu alikamatwa na magogo ya wizi juu ya baiskeli, hakimu akasema, "Faini, na baiskeli itaifishwe." Mwingine alikutwa na gobore lisilo na kibali: "Litaifishwe." Mimi nilimgeukia mshtakiwa nikamwambia kwa Kiha kwamba kitu chake kimekuwa cha serikali, naye alikwenda zake akiwa ameinamisha kichwa. Neno hilo halikunisumbua hata siku moja, mpaka alipokuja Mzee Bukuru.

Mzee Bukuru alitoka kijiji kimoja upande wa Titye. Jina la kijiji naliacha. Alikuwa mrefu, mkavu, na alitembea na fimbo ambayo hakuiegemea. Katika ujana wake alikwenda manamba, kukata mkonge kule Tanga, kama walivyokwenda Waha wengi. Wenzake walirudi na baiskeli na mashuka. Yeye alirudi na mashine ya kusaga nafaka, yenye injini ya dizeli, iliyokuja kwa treni mpaka Kigoma na kupanda milima kwa lori. Akaijengea kibanda cha matofali. Hiyo ndiyo ilikuwa mashine ya kwanza katika vijiji vyote vya pale jirani, na wanawake waliokuwa wakitwanga muhogo kutwa nzima wakapumzisha mikono.

Ulipofika wakati wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa, kamati ya kijiji ilimwendea nyumbani kwake. Aliyeongea kwa niaba ya kamati alikuwa bado kijana mwenye bidii, na baadaye akaja kuwa Mwenyekiti wa kijiji. Alimwambia, "Mzee, mashine yako imetaifishwa." Hapakuwa na barua. Mzee Bukuru akatoa ufunguo wa kibanda akakaa kimya karibu miaka ishirini. Alipotaka unga alipanga foleni na debe lake kama watu wengine.

Kilichomleta mahakamani ni kwamba nyakati zilikuwa zimegeuka. Redio ile ile iliyotangaza kutaifisha sasa ilitangaza ubinafsishaji: serikali ilikuwa inauza viwanda vyake kwa watu binafsi. Mwenyekiti na halmashauri yake wakasema, kama serikali kuu yenyewe inauza, sisi ni nani tung'ang'anie mashine? Wakapata mfanyabiashara wa kuinunua, aliyetaka kuihamishia Kibondo, ambako wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamejaa na mahindi ya kusaga yalikuwa mengi. Fedha zingeezeka darasa la shule. Nataka mwelewe kwamba Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Watoto wa kijiji chake walikuwa wakinyeshewa wakiwa darasani.

Mzee Bukuru akafungua shauri la madai. Yeye akawa mdai, yaani mwenye kulalamika, na Mwenyekiti, kwa niaba ya kijiji, akawa mdaiwa. Siku ya kusikilizwa, wanawake wa kijiji walikuja kwa miguu wakakaa kwenye nyasi nje ya dirisha, maana mashine ikiondoka wao ndio wangerudi kwenye kinu.

Mzee aliapa, akaanza kueleza kwa Kiha, nami nikawa ulimi wake. Tulikwenda vizuri kutoka Tanga mpaka Kigoma, kutoka Kigoma mpaka kibandani. Alipofika kwenye siku ya kamati, alitumia neno kunyaga. Walimnyaga mashine.

Nikakwama.

Wasiojua Kiha niwaeleze. Zamani, mwami, yaani mtawala wetu, alimpa mtu ng'ombe wa kufuga. Siku akimkasirikia, aliwachukua ng'ombe wote na mara nyingine akamfukuza na nyumbani. Huko ndiko kunyaga. Mwizi hanyagi, mwizi anaiba. Kunyaga ni kwa mwenye mamlaka, tena bila kuulizwa.

"Bi Skolastika?" hakimu aliita.

"Mheshimiwa, walimchu... waliichukua mashine."

"Kuchukua kuna aina nyingi. Hata mke huchukuliwa." Akavua miwani. "Sikiliza vizuri, maana shauri lote limekaa hapa. Kama mashine ilitaifishwa, hicho ni kitendo cha serikali, na mahakama hii ndogo haina mamlaka ya kukihoji. Kama alinyang'anywa, huo ni ugomvi wa watu na watu, nami nitausikiliza mpaka mwisho. Mzee ametamka neno gani? Taifisha au nyang'anya?"

Washauri wa mahakama, wote Waha, waliangalia meza. Nadhani nao lile neno lilikuwa limewakaba. Mwenyekiti alikuwa ananitazama. Nje, wanawake walisogea karibu na dirisha.

Ningeweza kuwaambia kwamba nilichanganyikiwa na lugha, na ingekuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, sijathibitishwa kazini, na kutamka hadharani kwamba viongozi wa kijiji walimnyang'anya mtu mali yake niliona ni kujitafutia makubwa. Taifisha lilikuwa neno safi. Lilikuwa neno la redio. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kazi kwa kulitamka.

"Taifisha, Mheshimiwa," nikasema.

Hakimu akaandika.

Baada ya wiki moja alisoma uamuzi. Kwa kuwa mdai mwenyewe amekiri kwamba mali ilitaifishwa, shauri linaondolewa, mahakama haina mamlaka. Watu wakaanza kuinuka, mabenchi yakikwaruza sakafu, nami nikamsogelea Mzee Bukuru pale kizimbani kumfikishia. Nikamwambia kwa Kiha kwamba mahakama imesema mashine ilichukuliwa na serikali ya nchi, kama yeye mwenyewe alivyosema.

Alinigeukia. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, wala si kwa hasira, "Mama, ulisema nini kwa niaba yangu?"

Hakimu akainua kichwa kutoka kwenye jalada. "Mzee anasemaje?"

"Anashukuru, Mheshimiwa," nikajibu.

Lile la kwanza lilikuwa kosa, na kosa mkalimani yeyote anaweza kulifanya. Hili la pili lilikuwa uongo, nami nilikuwa chini ya kiapo. Mzee alielewa neno "anashukuru", maana kwenye mkonge Tanga alijifunza Kiswahili cha kutosha kusikia hilo. Hakunipinga. Alichukua fimbo yake akatoka, na wale wanawake wakamfuata.

Siku tatu sikula vizuri. Ya nne niliingia ofisini kwa hakimu wakati wa chai. Alikuwa na karanga kwenye karatasi. Akanisogezea, nikakataa.

"Mheshimiwa, katika shauri la mashine nilitafsiri vibaya. Mzee alisema kunyaga, na hilo si taifisha wala nyang'anya. Na siku ya uamuzi, mzee hakushukuru. Aliuliza nilisema nini kwa niaba yake."

Akaacha kutafuna. Nikasikia mwashi akigonga matofali ng'ambo ya barabara.

"Kwa nini hukuniambia siku ile kwamba neno halina mwenzake?"

"Uliniuliza taifisha au nyang'anya, Mheshimiwa. Nilidhani lazima nichague."

"Na mimi niliuliza kama mtu mwenye haraka," akasema, na hilo sikulitegemea. Akafuta mikono. "Haya. Uamuzi nimeshausaini, siwezi kuugusa. Hakimu akishasaini, kwa shauri hilo amekuwa mpita njia. Mzee ana siku thelathini za kukata rufaa mahakama ya wilaya, na zimeanza kuhesabika. Rufaa yake itasimama ikiwa wewe utaandika hati ya kiapo kueleza ulichokifanya. Yaani karatasi yenye jina lako, kwamba ulikosea, kwamba ulidanganya. Itasomwa. Itaingia kwenye faili lako la kazi. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Kuna watu wanafukuzwa kwa pungufu ya hayo, mwanangu."

"Najua, Mheshimiwa."

Akavuta jalada akalifunga kamba upya ingawa lilikuwa limefungwa. "Basi nenda kamwambie mzee mwenyewe. Usitume mtu."

Jumamosi nilikwenda. Nilipanda lori la wauza maharage, sehemu ya mwisho nikatembea. Nilimkuta Mzee Bukuru akipalilia kahawa yake, mkewe akiwa upande wa pili wa migomba. Nilisimama kwenye mpaka wa shamba nikamwamkia, nikasema nilichokwenda kusema, chote, pamoja na lile la hofu ya kazi yangu. Alisikiliza huku jembe likiendelea. Nilipomaliza alilima hatua nyingine mbili tatu, ndipo akasimama.

"Nilipokuwa Tanga," akasema, "nyapara alikuwa anahesabu matita yangu ya mkonge vibaya kila siku. Niliota kwamba siku moja atakuja kunitafuta aseme amekosea. Hakuja." Akachomeka jembe ardhini. "Umekula?"

Mkewe akatuletea maharage na ndizi. Tulikula. Nilipoaga, Mzee aliuliza mahakama ya wilaya inafungua saa ngapi.

Hakimu wa Wilaya alikuwa mtu wa Songea, na kabla ya kusomea sheria aliwahi kuwa mwalimu wa Kiswahili. Miwani yake ilikuwa imefungwa uzi mkono mmoja, na alisikiliza huku amefumba macho, jambo lililowatisha watu. Siku ya rufaa, mwalimu wa shule ya msingi aliitwa kuwa mkalimani, maana mimi sasa nilikuwa shahidi. Hati yangu ya kiapo ilisomwa kwa sauti. Nilisikia jina langu, na kosa langu, na uongo wangu, vikitamkwa mbele ya makarani wenzangu niliokunywa nao chai. Sijawahi kusimama kwa muda ulioonekana mrefu kama ule.

Hakimu alifumbua macho. "Bi karani, nipe sentensi yenye hili neno kunyaga."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Sentensi, Mheshimiwa?"

"Sentensi. Kama darasani."

Nikafikiri. "Mwami alimnyaga Fulani ng'ombe."

"Baada ya hapo ng'ombe wakawa wa nani? Wa watu wote?"

"Hapana, Mheshimiwa. Wakawa wa mwami."

"Fulani aliweza kulalamika?"

"Kwa nani, Mheshimiwa? Mwami ndiye aliyewachukua."

Akaandika, kisha akamgeukia Mwenyekiti, aliyekuwa amevaa koti lake la mikutano. "Nawe, ndugu Mwenyekiti. Ulimwambia mzee huyu mashine imetaifishwa. Nitungie sentensi yenye kitenzi taifisha."

Mwenyekiti alijikaza. Huyu alikuwa mtu wa hotuba, haogopi kusema. "Serikali ilitaifisha mabenki."

"Nzuri. Mtendaji wa kitenzi ni nani?"

"Serikali."

"Nyingine."

"Serikali ilitaifisha viwanda vya nguo."

"Mtendaji?"

"Serikali, Mheshimiwa."

"Kwa kutumia nini? Kwa idhini ya nani?"

"Kwa sheria. Bunge lilipitisha."

"Vizuri sana. Sasa nitungie sentensi yenye mashine ya mzee Bukuru. Usiseme 'ilitaifishwa', hiyo inamficha mtendaji. Niambie nani alitaifisha."

Mwenyekiti alifungua kinywa. "Seri..." Akaacha. Alijua angeulizwa ni sheria ipi. Akaanza tena. "Kamati ya kijiji ilitaifisha mashine ya..." Akaacha tena, akaangalia mikono yake. Ukumbi wote ulikuwa umeegemea mbele kumsubiri amalize sentensi, na sentensi ilikuwa haimaliziki.

"Kuna vitenzi," hakimu alisema kwa upole, "ambavyo kila mtu anaweza kuwa mtendaji wake. Kula. Kulima. Kuiba. Hiki si cha kila mtu. Nchi nzima kina mtendaji mmoja tu, naye ni lazima ashike sheria mkononi. Ninyi mliazima kitenzi kisicho chenu."

Mwenyekiti akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "Mheshimiwa, tuliambiwa njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wanyonge. Kijijini kwetu njia kuu ya uchumi ilikuwa mashine ile. Hatukuwa na nyingine."

Kuna waliocheka. Hakimu hakucheka, na mimi pia sikucheka. Nilimwona yule kijana mwenye bidii aliyesikiliza redio kwa moyo wote, akatoka nje kutafuta kijijini kwake kitu cha kutaifisha, akakuta mashine moja tu na mzee mmoja tu.

Rufaa ikakubaliwa. Uamuzi wa kwanza ukatenguliwa, jalada likarudishwa mahakama ya mwanzo lisikilizwe upya, mashine isiuzwe mpaka hapo.

Halikusikilizwa. Siku ilipofika, mzee wetu wa Pangani alipouliza kama mdaiwa yuko tayari, Mwenyekiti alisimama, akaacha Kiswahili, akasema kwa Kiha ili wanawake wa dirishani wasikie.

"Mashine ni ya mzee huyu. Sisi tulisema taifisha kwa sababu redio ilisema taifisha. Kijiji hakina la kubisha."

Yule mwalimu, aliyeitwa tena kukalimani badala yangu, akatafsiri neno kwa neno. Hakimu akamuuliza Mzee Bukuru kama ana la kusema. Nilidhani atasema kuhusu ile miaka yote ya kupanga foleni na debe. Alisema, "Mkanda wa mashine umekatika mara tatu nikiwa naona. Mara zote huyu ndiye aliyekwenda Kigoma kwa baiskeli kutafuta mwingine. Haijawahi kulala mbovu wiki mbili. Liandikwe na hilo."

Likaandikwa. Liko kwenye jalada mpaka leo, kama mchwa hawajalifikia.

Mzee alipewa ufunguo wake. Mashine ilibaki palepale, wanawake wakaendelea kuja, na kijana wa Mwenyekiti ndiye aliyeajiriwa kuiendesha. Isidhaniwe kwamba kila kitu kilikaa sawa. Darasa lilibaki la nyasi misimu mingine miwili ya mvua, na wapo wazazi waliomlaumu Mzee Bukuru kwa hilo, na wengine walinilaumu mimi. Injini nayo ilichoka ikiwa mikononi mwake, akaikuta siku moja imepasuka, wala hakuwa na nguvu za kuanza tena.

Mimi nilipewa barua ya onyo. Kuthibitishwa kwangu kazini kukaahirishwa mwaka mzima, kisha nikahamishiwa Kibondo. Siku ya kuondoka, mzee wa Pangani alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanishika mkono akaniambia, "Huko uendako watu wamekimbia na lugha zao. Ukikwama, kwama kwa sauti."

Kibondo nilikwama kwa sauti miaka mingi. Walikuja mbele yetu Warundi ambao maneno yao na yetu ni ndugu, lakini ndugu wanaogombana. Walikuja Wakongo wenye Kiswahili chao kilichochanganyika na Kifaransa. Walikuja Waha wa Kakonko wenye matamshi yao. Niliogopwa na mahakimu wawili watatu kwa sababu ya sentensi moja: "Mheshimiwa, neno hili lina maana mbili, naomba nimuulize tena." Mmoja, kijana aliyetoka chuo, alinijibu siku moja, "Bi Skolastika, tutamaliza lini kwa mwendo huu?" Nikamwambia, "Sijui, Mheshimiwa, ila huyu mtu akitoka hapa hatarudi tena." Akaniruhusu, nikauliza. Ilikuwa kesi ya baiskeli ya mkimbizi iliyokuwa itaifishwe, na ikaonekana baiskeli ilikuwa ya kuazima, ya mjane mmoja wa kule kambini. Ikarudishwa kwa mwenyewe.

Nimestaafu sasa. Watu wananiuliza kama najutia kuandika ile hati ya kiapo, maana ilinichelewesha kupanda cheo na wenzangu wakanipita. Ninachojutia ni zile siku tatu kabla ya kwenda ofisini kwa hakimu. Zingekuwa sita, au kumi, pengine nisingekwenda kabisa, na ningekuwa karani mzuri asiye na doa kwenye faili, nikiishi na lile swali la Mzee Bukuru peke yangu.

Kiha cha wazee kinapungua. Wajukuu zangu wanaongea Kiswahili cha redioni, wakinisikia nikisema na bibi zao wa Muyama wanacheka. Mwezi uliopita nesi mmoja, mgeni kutoka mkoa mwingine, alinitumia mtu niende zahanati. Kulikuwa na bibi aliyekuja peke yake, anaeleza maumivu yake, hakuna anayemwelewa. Nilikaa naye kwenye benchi. Akatumia neno ambalo sijalisikia tangu utoto, neno la maumivu yanayotembea.

Nesi alikuwa ameshashika kalamu, foleni nyuma yake inafika mlangoni. "Anasemaje, mama? Tumbo au kifua?"

Nikamwambia, "Bado sijaelewa. Subiri nimuulize."